Chakula cha Mgonjwa wa Vijiwe vya Nyongo: Katazo Moja Halitoshi

Kila mpishi aliyepata kupasua kuku ajua kwamba, kabla ya kugawa mapande, hana budi kuitoa nyongo bila kuitoboa. Kifuko kile cha kijani kikipasuka, nyama yote huharibika kwa uchungu. Ndiyo maana jambo lililokwenda mrama husemwa kuwa limetumbukia nyongo. Binadamu naye anacho kifuko cha namna hiyo hiyo, kimejibanza chini ya ini, upande wa kulia wa tumbo. Kwa kawaida mwenyewe hana habari nacho mpaka siku kitakapomwuma. Na siku hiyo, baada ya vipimo na picha, mgonjwa aghalabu hurudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, tarehe ya kumwona daktari mpasuaji, na agizo la maneno mawili: usile mafuta.

Agizo hilo si la uongo, lakini ni pungufu, na upungufu wake una madhara. Mgonjwa aliyeingiwa na hofu hulitekeleza kwa ukali kuliko alivyokusudia daktari. Huacha nazi, huacha karanga, huacha mayai na samaki, hata maharage huyaogopa kwa kuwa yameungwa. Hubaki na uji mweupe, chai ya rangi na ugali wa sembe kwa mboga ya kuchemshwa. Hukonda haraka, na jamaa humsifu kwa kushika masharti. Maumivu yakitulia kwa miezi michache, huamini kwamba mawe yameyeyuka, na ile tarehe ya mpasuaji huiacha ipite. Kumbe mawe yako pale pale, na huenda yameongezeka.

Yapo mambo matatu ambayo agizo hili huyachanganya kuwa moja, nayo yapaswa kutenganishwa. La kwanza ni chakula kinachosaidia kuzuia mawe yasifanyike. La pili ni chakula kinachompunguzia maumivu mtu aliyekwisha kuwa nayo. La tatu ni ukweli kwamba hakuna chakula kinachoyaondoa.

Nyongo na kazi yake

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Sehemu ya nyongo hiyo huhifadhiwa katika kifuko, ambacho huchukua mililita 30 hadi 50 tu, na humo huzidi kuwa nzito kwa kunyonywa maji. Chakula chenye mafuta kifikapo katika utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo habari zake zilitolewa mwaka 1928 na wanasayansi Ivy na Oldberg wa Marekani. Homoni hii husafiri kwa njia ya damu, hukifikia kifuko na kukiamuru kijikamue. Hapo nyongo humiminika utumboni na kuyavunja mafuta kuwa matone madogo sana, kama sabuni ifanyavyo kwenye sufuria yenye masizi ya mafuta, ili mwili uweze kuyatumia.

Katika nyongo mna lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli. Lehemu haiyeyuki katika maji. Hushikiliwa na chumvi za nyongo zikisaidiwa na mafuta ya namna ya lesithini. Mwaka 1968 watafiti Admirand na Small walionyesha, kwa mchoro wa pembetatu, kwamba vitu hivi vitatu vina mizani yao. Lehemu ikizidi mizani hiyo huanza kujitenga na kuganda kuwa chembe za fuwele. Chembe hizo zikikikuta kifuko kimelala, hakijikamui, hutulia humo, hushikana na kukua kuwa jiwe.

Kwa hiyo jiwe la lehemu lina wazazi wawili: nyongo iliyozidiwa na lehemu, na kifuko kisichofanya kazi yake. Agizo la kuacha mafuta kabisa humsahau mzazi wa pili. Mafuta kidogo yaliyomo katika mlo ndiyo ufunguo wa kukiamsha kifuko. Mlo wenye takriban gramu 10 za mafuta, yaani kama vijiko viwili vya chai, hutosha kukikamua vizuri. Mwenye kuyaepuka mafuta yote hukiacha kifuko chake kimejaa nyongo nzito iliyotuama, mfano wa maji ya dimbwi.

Si mawe yote hutokana na chakula

Yafaa kusema mapema kwamba mawe si ya aina moja. Yapo mawe meusi yatokanayo na bilirubini, yaani rangi inayotoka katika chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Ile ya mtu mwenye ugonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Rangi nyingi humiminwa katika nyongo, na mawe huweza kufanyika hata kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 10.

Jambo hili lina uzito katika Afrika Mashariki, ambako selimundu huonekana katika familia nyingi. Mama wa mtoto wa namna hiyo huulizwa na ndugu, na pengine na mhudumu wa afya, amekuwa akimlisha nini. Swali hilo humwongezea mzigo asiostahili. Hakuna nazi wala chapati iliyoyaleta mawe yale. Yameletwa na damu aliyozaliwa nayo mtoto. Mtoto huyo ahitaji kula vizuri ili akue, na kumnyima mafuta na vyakula vya kujenga mwili ni kumtesa mara mbili.

Hata kwa watu wazima wenye mawe ya lehemu, chakula ni sababu moja miongoni mwa nyingi. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Uzazi, baadhi ya dawa za homoni, umri, unene, ugonjwa wa kisukari na urithi wa ukoo vyote vina sehemu yake. Mgonjwa asichukuliwe kuwa mlafi aliyevuna alichopanda.

Hatari ya kukonda kwa pupa

Unene uliokithiri huongeza lehemu katika nyongo, na kwa hiyo kupunguza uzito ni ushauri mwema. Lakini hapa ndipo methali ya haraka haraka haina baraka inapopata ushahidi wa maabara. Mtu akikonda kwa kasi, mafuta ya mwili huvunjwa kwa wingi, lehemu humiminwa katika nyongo, na wakati huo huo kifuko hakijikamui kwa kuwa chakula ni kichache. Wazazi wote wawili wa jiwe hukutana.

Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989, watu wanene 51 waliwekwa katika mlo wa kalori kama 500 tu kwa siku. Baada ya wiki 8, watu 13 miongoni mwao walionekana kuwa na mawe. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hatari huongezeka zaidi mtu anapopoteza kilo 1.5 au zaidi kwa wiki. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo wa salama. Wanaouza chai za kukondesha, na wanaosifia kushinda na maji ya ndimu siku saba mfululizo, hawayasemi haya kwa wateja wao.

Kukaa muda mrefu bila kula nako hukiacha kifuko kimejaa. Desturi ya kutoka nyumbani alfajiri kwa chai kavu na kungoja mlo mmoja mkubwa wa usiku, ambayo ni ya lazima kwa vibarua na wafanyabiashara wengi wa mijini, haikifai kifuko cha nyongo. Milo mitatu ya kiasi, kwa saa zisizobadilika sana, ni bora kuliko mmoja wa kushindilia.

Kuhusu saumu ya Ramadhani, mtu mwenye mawe yasiyomsumbua hana sababu ya kuingiwa na hofu, lakini aliyekwisha kupata maumivu makali na atake shauri la daktari kabla ya mwezi kuandama. Asiache kula daku. Wakati wa futari, tende, uji na mlo wa kawaida wenye mafuta ya kiasi vitamfaa kuliko kuanza na sinia la sambusa, bajia na kaimati, vyote vimetoka kwenye mafuta ya moto na kulifikia tumbo lililokuwa tupu tangu alfajiri.

Kinga iliyo jikoni

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, na mwenzake Hubert Trowell, aliyetibu Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, waliona kwamba vijiwe vya nyongo vilikuwa nadra kwa wanavijiji waliowahudumia, ilhali huko Ulaya vilikuwa maradhi ya kila siku. Katika kitabu walichokihariri pamoja mwaka 1975, walilihusisha jambo hilo na maradhi mengine kadhaa na chakula kilichokobolewa na kupungukiwa nyuzinyuzi.

Ni kweli kwamba nadharia yao haipaswi kumezwa nzima. Siku zile picha za mawimbi ya sauti, ambazo leo huyaonyesha mawe kwa urahisi, hazikuwapo katika hospitali za kawaida, na mawe mengi yalizikwa pamoja na wenyewe bila kujulikana. Hata hivyo kiini cha hoja kimepata nguvu. Mwaka 1983 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu 13, waliodhaniwa kuwa na mawe ya lehemu, mlo wa unga uliokobolewa na sukari kwa wiki 6, na mlo wa nafaka zisizokobolewa kwa wiki 6 nyingine. Lehemu katika nyongo ilionekana kuwa nyingi zaidi walipokula mlo uliokobolewa. Kundi lilikuwa dogo, lakini mwelekeo ulikuwa dhahiri.

Karanga nazo zastahili kutetewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wauguzi wanawake wa Marekani zaidi ya 80,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Wale waliokula karanga na jamii za korosho mara tano au zaidi kwa wiki, kiasi cha gramu 28 kila mara, walifanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo kwa kiwango kilichokuwa pungufu kwa robo hivi kuliko wale waliozila kwa nadra. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba karanga ndizo kinga. Lakini watosha kuonyesha ubaya wa karatasi ya ushauri inayoziweka karanga katika safu moja na mafuta ya kukaangia chipsi.

Kinga, basi, haihitaji duka la vyakula vya kigeni. Ugali wa dona badala ya sembe, mtama na ulezi, viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, maharage, kunde na choroko, mchicha na matembele, matunda ya msimu, samaki na dagaa, karanga kiasi cha kiganja: haya ndiyo yaliyo karibu zaidi na mapendekezo ya sayansi ya leo. Kinachostahili kupunguzwa ni soda na sukari, mikate na maandazi meupe ya kila asubuhi, na mazoea ya kukaanga kila kitu. Masikitiko ni kwamba maendeleo ya mijini yamekuwa yakipimwa kwa kuviacha vile na kuvikimbilia hivi.

Aliyekwisha kuwa na mawe

Watu wengi wenye mawe, takriban 8 katika kila 10, hawana maumivu yoyote. Mawe yao hugunduliwa kwa bahati, picha inapopigwa kwa sababu nyingine. Watu hawa hawahitaji masharti ya pekee; wale kama ilivyoelezwa hapo juu, wakiwa na amani.

Hali ni nyingine kwa mwenye maumivu. Kifuko kinapojikamua kwa nguvu na jiwe likaziba mlango wake, maumivu hupanda juu ya tumbo upande wa kulia au katikati, pengine yakafika begani au mgongoni, na hudumu nusu saa hadi saa kadhaa. Wengi huyadhania kuwa vidonda vya tumbo na kuyatibu hivyo kwa miaka. Mtu huyu ana haki ya kupunguza mafuta, kwani mlo mzito wa mafuta mengi huweza kukifanya kifuko kijikamue kwa ghafla. Lakini kupunguza si kufuta. Mwongozo wa tiba uliotolewa Uingereza mwaka 2014 hauwapi wagonjwa orodha ya makatazo. Huwataka waepuke kile chakula au kinywaji ambacho wao wenyewe wameona kinawaletea maumivu, mpaka kifuko kitakapoondolewa.

Katika jiko la pwani, maana yake ni kutumia tui jepesi la mkamuo wa pili badala ya kasimile, na kuchoma au kuchemsha samaki badala ya kumkaanga. Katika jiko la bara, ni kuunga maharage kwa kijiko kimoja badala ya kukilainisha chungu kizima, na kuondoa mafuta meupe ya nyama kabla ya kuipika. Mgonjwa na aandike siku alizoumwa na alichokula kabla yake. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litamfundisha zaidi ya karatasi iliyotafsiriwa kutoka nchi za watu, inayomkataza jibini na krimu ambazo hajapata kuzionja.

Madai ya kuyatoa mawe kwa kinywaji

Kila mahali yupo mtu anayemjua mtu aliyekunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu usiku, na asubuhi akatoa mawe ya kijani kwa makumi. Jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand walichapisha habari za mwanamke aliyeleta mawe ya namna hiyo hospitali. Maabara ilipoyapima, hayakuwa mawe ya nyongo hata kidogo: yalikuwa aina ya sabuni, iliyofanyika tumboni kutokana na mafuta na maji ya matunda aliyokunywa. Mawe yake halisi yalikuwa bado kifukoni, na yalitolewa baadaye kwa upasuaji.

Ipo dawa ya hospitali inayoweza kuyeyusha mawe madogo ya lehemu, lakini huchukua miezi mingi, haifai kwa mawe meusi, na katika nusu ya wagonjwa hivi mawe hurudi ndani ya miaka mitano. Kwa mwenye maumivu ya kurudia, tiba ya uhakika ni kukiondoa kifuko chenyewe. Upasuaji huo ulifanywa kwa mara ya kwanza na Carl Langenbuch mjini Berlin mwezi Julai 1882. Tangu Erich Mühe wa Ujerumani alipoufanya kwa matundu madogo mwaka 1985, njia hiyo imeenea duniani.

Wengi huogopa kwamba mtu hawezi kuishi bila kifuko cha nyongo. Njiwa, tofauti na kuku, hana kifuko hicho. Wala farasi, ngamia na tembo hawana. Baada ya upasuaji nyongo hutoka katika ini na kwenda utumboni moja kwa moja, kidogo kidogo. Baadhi ya watu hupata choo chepesi kwa majuma kadhaa, hasa baada ya mlo wa mafuta mengi. Baada ya hapo walio wengi hula kama wengine. Masharti ya maisha hayana msingi.

Ushauri ulio kamili

Watakuwapo wahudumu wa afya watakaosema kwamba zahanati ina foleni ndefu, na kwamba maneno mawili hukumbukwa kuliko ukurasa mzima. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini agizo fupi linalomwacha mgonjwa akonde kwa kasi, aogope karanga na kuisahau tarehe ya mpasuaji halikuokoa wakati wa mtu. Limeuahirisha mzigo tu, nao utarudi ukiwa mzito zaidi.

Maneno machache zaidi yangetosha: kula milo mitatu ya kiasi, tumia mafuta kidogo, usiyaache kabisa, chagua dona na mboga, kama ni lazima upungue, pungua polepole, epuka kilichokuuma, na tarehe ya mpasuaji usiiache. Kisha liongezwe onyo moja, ambalo lina thamani kuliko orodha zote za vyakula: maumivu yakizidi saa tano, au yakifuatana na homa na kutetemeka, au macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi na choo kikapauka, hapo si wakati wa kuuliza mgonjwa alikula nini. Huenda jiwe limeuziba mrija wa nyongo au kuliamsha kongosho, na saa chache huweza kuamua uhai. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali usiku huo huo.